Vioo Vitatu vya Adagala

Vimeegemea ukuta tangu Jumanne,
vitatu, kila kimoja na fremu ya chuma
iliyopakwa kijani, kisha kijivu, kisha kijani tena,
na ndani ya kioo wavu wa waya
kama wa omena, uliogandia majini.

Adagala kavitoa Kibos, ghala la pamba lilipobomolewa.
"Elfu nne vyote," alisema, "na gundi ya kuzibia juu yangu."
Halafu akatazama pembeni,
na Adagala akitazama pembeni
ujue kuna kitu.

Hicho kitu ni ufa. Kioo cha tatu, pembe ya chini,
mfupi kama njiti ya kibiriti.
Nimeupitishia ukucha. Unakamata.

Gereji yangu ina giza, sikatai.
Saa nne asubuhi nafungua injini na tochi mdomoni,
naongea na wateja kama mtu aliyeng'olewa meno.
Juzi nati iliniponyoka ndani ya gari la Mwalimu Kavaya,
tukaisaka kwa sumaku hadi kuku wakalala.
Tokeni za stima hazifiki katikati ya mwezi.
Mwanga wa bure nilio nao ni tundu moja la msumari
ukutani, upande wa mashariki:
sarafu yake ikitambaa sakafuni hadi kwenye jeki
ni saa tatu, na Kegehi huenda kufuata chai.

Lakini paa hili ni la baba.
Aliliezeka mwenyewe, kwa mabati mazito ya zamani,
yale ukiyagonga yanajibu.
Chini ya kichwa cha kila msumari
alitia kiduara cha tairi kuukuu, alichokikata kwa wembe
usiku, redio ikiwa chini.
Mvua ya Majengo haina adabu, huja saa tisa kama mdai,
na miaka thelathini na moja
haijaingia hata tone.
Nani atoboe kitu kisichovuja
kisha aanze kuomba kisivuje?

"Rahisi ni ghali, Jendeka," mama ananiambia.
Namkumbusha lile koti jipya, la dukani, la bei,
lililochanika mgongoni aliposimama kanisani.
Spana zangu zote ni za mtumba.
Hata mume wangu, kama tunasema kweli,
alinifikia akiwa ameshatumika,
na hadi leo havuji.
Mama anacheka, kisha anakumbuka kwamba hajakubali.

Basi Alhamisi jioni nikakitoa nje kile chenye ufa,
nikakilaza juu ya mikebe minne ya rangi.
Mbingu na iamue, nikasema, mimi nimechoka.
Na mbingu ikasikia vibaya mno:
mvua ya mawe, dakika ishirini,
paa la baba likinguruma juu ya kitanda cha nani sijui,
maana mimi nilikuwa nimeketi, nahesabu.

Asubuhi kioo kilikuwa kizima.
Matope meupe kingoni, majani ya mparachichi yamechanwachanwa,
na chini yake, pakavu kabisa,
kuku wa jirani na vifaranga saba
akiniangalia kupitia kile kioo
kama mpangaji aliyekwisha kulipa.

Nikachukua kibiriti nikapima ufa.
Njiti moja na nusu.

Sasa niambie hilo ni jibu gani.

Nimepanda ngazi na chaki.
Nimechora mstatili kwenye bati, juu ya shimo la ukaguzi,
kwa kimoja tu, kati ya vile viwili visivyo na doa.
Nimeufuta kwa kiganja.
Nimeuchora tena, mdogo kidogo,
kana kwamba bati litaumia kidogo.
Kiganja kimebaki cheupe, na bati lina joto
kama shingo ya mtu aliyekuwa shambani.

Chini, Kegehi ameshika mkasi wa bati
kwa mikono miwili, wala hasemi kitu.
Ni saa nane na nusu.
Upande wa Nandi mawingu yameanza kusogezana.
"Lete," namwambia. Kisha, "Ngoja."
Kisha nanyoosha mkono.